Vidonge vya Sahani Moja

Haya, sogeeni. Mwenye kichanga ampe ziwa kwanza, maana hadithi hii haisikilizwi huku mtoto analia.

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, kwa kuwa hospitali zilikuwepo na maduka ya dawa yalikuwepo, aliishi Pangani mwanamke akiitwa Siwema. Mimba zake za mwanzo zilitoka. Hii moja ikakaa, akajifungua mtoto wa kiume, wakamwita Nuhu. Mumewe alikuwa kazini mbali kwenye mashamba ya mkonge, basi siku zake arobaini za uzazi akazikaa kwa mama mkwe, Bi Hidaya. Nyumba ilifurahi, lakini furaha haikukaa, kwa sababu maziwa hayakutoka.

Mtoto akalia. Bi Hidaya akapika uji wa pilipili manga, Siwema akanywa mpaka jasho likamchuruzika. Yakaja matone. Mtoto akalia. Bi Hidaya akaleta supu ya pweza, akamkanda matiti kwa kitambaa cha maji ya moto. Matone yaleyale. Mtoto akalia, kisha akaanza kunyamaza, na kunyamaza kule ndiko kulikomtisha Siwema. Mashavu ya Nuhu yalikuwa yameingia ndani. Siwema alijifunika kanga usoni akalia yeye, akimwonea aibu hata mtoto wake mwenyewe.

Ndipo akaingia Kidawa. Huyu Kidawa ni binti wa Bi Hidaya, wifi yake Siwema, anakaa jirani na mumewe Mbaruku. Naye alikuwa na kichanga, msichana jina lake Mize, na maziwa alikuwa nayo tele.

"Wifi, nipe huyo," akasema. "Mimi nashinda nikianika kanga zilizolowa maziwa, halafu mtoto wa kaka yangu afe njaa? Toba!"

Nuhu akanyonya, akashiba, akalala. Tangu siku ile Nuhu na Mize wakawa ndugu wa ziwa moja.

Sasa tegeni masikio, mambo yako hapa. Ukoo wa Bi Hidaya ulikuwa na mila yake. Wanawake wawili wakimnyonyesha mtoto mmoja, hula sahani moja mpaka arobaini iishe. Kinachoingia kinywani mwa huyu kiingie na kinywani mwa yule, ili maziwa yao yasigombane tumboni mwa mtoto. Uji wakagawana. Supu wakagawana. Anayejificha akala peke yake, huyo alionekana mchoyo, tena anamtakia mtoto mabaya.

Lakini Siwema alitamani kunyonyesha mwenyewe, na msimlaumu kwa hilo. Kila akimwona Nuhu kifuani pa wifi yake alishukuru, na huku roho inamuuma. Akaenda hospitali. Daktari, mama mmoja asiye na papara, akamwonyesha namna ya kumshikisha mtoto ziwa, akamwambia amnyonyeshe mara kwa mara. Siwema akafanya. Maziwa yaliongezeka kidogo, hayakutosha. Aliporudi, daktari akafikiri sana.

"Iko dawa," akasema. "Ni vidonge vya kichefuchefu, ila kwa baadhi ya wazazi huongeza maziwa. Siviandiki ovyo, maana vinaweza kuchezea moyo. Moyo wako huwa unakwenda mbio bila sababu? Umewahi kuzirai? Kwenu yupo aliyeanguka ghafla?"

Hapana, akasema Siwema, hapana, hapana. Daktari akampima moyo kwa mashine, akamwandikia. "Hivi ni vyako peke yako. Usimpe mtu. Vikiisha, rudi kwangu."

Siwema akarudi nyumbani, akamsimulia Bi Hidaya na Kidawa kila neno, na maswali ya moyo akayataja yote. Mbaruku alikuwa barazani akimsubiri mkewe. Bi Hidaya akamtazama bintiye. Kidawa akamtazama mama yake. Siwema aliliona lile jicho, akadhani wanamcheka kwa kupenda mambo ya hospitali.

Chakula kikaletwa, sahani ikawekwa kati. Kidawa akanyoosha kiganja.

"Na dawa je, wifi? Au leo tumekuwa sahani mbili?"

"Daktari kanikataza."

"Daktari wako hanyonyeshi watoto wawili. Hawa wananikausha! Mwangalie Mize, siku hizi analiachia ziwa analia."

Ilikuwa kweli. Siwema akamgeukia mama mkwe wake, akitumaini atakatazwa. Bi Hidaya akasema, "Sahani ni moja, mwanangu."

Siwema akampa. Angemnyimaje mtu aliyemwokolea mwanawe?

Na maziwa yakaja! Siwema aliamka amelowa, akacheka peke yake kama mwendawazimu, akamwita Nuhu mpaka akamwamsha. Ya Kidawa nayo yakajaa. Watoto wakanona, nyumba ikarudi kuwa nyumba. Lakini vidonge vya mtu mmoja walivila wawili, vikaisha mapema. Siwema akasema arudi kwa daktari.

"Ya nini kukaa foleni na kichanga, shemeji?" akasema Mbaruku, mtu mwema, asiyependa kuona wengine wanataabika. "Nipe hiyo karatasi tupu ya vidonge nikavinunue."

Akaenda nayo duka la dawa. Muuzaji hakuuliza cheti, hakuuliza mgonjwa ni nani. Mbaruku akarudi na boksi zima, wakaendelea kugawana.

Asubuhi moja Kidawa alikuwa uani anakuna nazi. Siwema alikuwa chumbani ananyonyesha, anaisikia mbuzi ya nazi ikikwaruza. Kwaru, kwaru, kwaru. Ikanyamaza. Akaita, "Wifi!" Kimya. Akaita tena, akatoka mbio na mtoto kifuani. Kidawa alikuwa amelala ubavu chini, kifuu bado kimo mkononi. Walimkimbiza hospitali, lakini hawakumfikisha mzima.

Daktari yuleyule akauliza maswali yaleyale. Safari hii Bi Hidaya ndiye aliyejibu. Ndiyo, Kidawa alikuwa akizirai tangu usichana wake. Ndiyo, waliambiwa ana ugonjwa wa moyo na asimeze dawa yoyote bila kuuliza. Walificha ili aolewe.

Matanga yakaondolewa. Siku hiyo walikuwa ukumbini, Mize yuko mikononi mwa bibi yake, na kila akipewa chupa anaitema. Mtoto akalia. Siwema akanyoosha mikono ampokee.

"Kaa mbali!" akasema Bi Hidaya. "Mjukuu wangu hanyonyi kwa aliyemuua mama yake. Wewe ndiye uliyeambiwa ni vyako peke yako."

"Ni kweli, mama, nilimpa," akasema Siwema. "Niliogopa kuitwa mchoyo kuliko nilivyoliogopa neno la daktari. Kosa hilo ni langu, nitakufa nalo. Lakini maswali ya moyo nilikusimulieni yote. Nikakutazama unikataze. Ukaniambia sahani ni moja."

Bi Hidaya akamvuta Mize kifuani. "Ningesemaje, na mumewe yuko barazani anasikia? Ningemvunjia mwanangu ndoa kwa vidonge? Nilidhani ni kama uji tu."

Mbaruku akainuka. "Kwa hiyo mliniona mimi ni mtu wa kumwacha mke kwa ugonjwa? Mlinionaje, mama?" Akajigusa kifua. "Lakini mimi ndiye niliyenunua. Siwema alitaka kurudi kwa daktari, nikamwambia ya nini. Pengine daktari angegundua vinaliwa na wawili. Na Kidawa naye, alijua moyo wake ukoje, akanyoosha kiganja."

"Usimtaje marehemu kwa ubaya!"

"Nitamtaja! Nilimpenda, nitamtaja."

Wakalia wote watatu. Kisha Mbaruku akajifuta uso, akasema, "Mtoto ni wangu, na neno langu ni moja. Mwanangu hatapakatwa na aliyemuua mama yake. Kama ni Siwema, asimnyonyeshe. Kama ni wewe, mama, mweke chini sasa hivi. Kama ni mimi, natoka mlangoni na sirudi. Niambieni ni nani."

Mize akalia. Kilio kile kikayaita maziwa ya Siwema, kanga ikamlowa kifuani, na maziwa yale yalikuja kwa vidonge vilevile.

Mimi nimewaleta mpaka hapa, mbele siendi. Siwema aligawa alichokatazwa. Bi Hidaya alijua, akafunga mdomo. Mbaruku alinunua bila kuuliza. Kidawa mwenyewe alijua, akameza.

Je, nani alimuua mama yake Mize? Jibuni, wenzangu, lakini msikawie. Mtoto bado analia.