Mtamba Mweupe na Hereni Elfu Sitini

Kaeni vizuri, na mwenye kisu cha kukatia mashauri akinoe mapema.

Ofisi ya mifugo ilikuwa na vijana watatu wa kompyuta. Tumpe alikuwa na mbio: kazi ya siku nzima kwake ilikuwa ya dakika. Mbonea alikuwa na jicho, kasoro haimpiti. Mugisha yeye alikuwa na shaka. Hata jibu zuri aliliuliza limetoka wapi.

Siku ya mnada daktari wa mifugo alileta habari za ugonjwa wilaya ya jirani. "Kabla ya saa sita nijue ng'ombe gani hapa wametoka kule. La sivyo nafunga mnada, hatoki hata ndama."

Mfugaji mmoja, Nasieku, alikuwa amekuja kuuza. Ng'ombe wake thelathini walikuwa humo zizini, na nyasi hamna. Akaapa mbele ya watu: "Atakayetutoa hapa, mtamba wangu mweupe, jike ambaye hajazaa bado, ni wake."

Orodha zilikuwa mbili: namba za hereni za masikioni za ng'ombe wa kule, elfu sitini, na za waliomo mnadani. Kompyuta kuukuu ilichukua namba moja ya mnadani, ikaipitisha kwenye zote za kule, ikarudia nyingine. Ingemaliza kesho.

Tumpe akacheka. "Huku ni kugonga kila mlango mtaani kumtafuta mtu mmoja. Ipe kila namba chumba chake, uende moja kwa moja." Akaandika mistari michache, na Nasieku hajameza mate jibu likatoka: hakuna hata mmoja. Watu wakaruka kwa furaha.

"Bado," Mbonea akasema. "Orodha hii namba zinaanza na sifuri, ile sifuri zimedondoka. Zitafananaje?" Akazirudisha, wakatokea kumi na wawili. Mmoja wao alikuwa mtamba mweupe, na Nasieku akalia waziwazi, maana alimpokea kwa mikono yake siku alipozaliwa.

"Mama, subiri kwanza," Mugisha akasema. "Waliochapa hereni walirudia baadhi ya namba. Tulinganishe namba pamoja na wilaya." Wakabaki kumi na mmoja, nao wakatengwa. Mtamba alikuwa wa hapahapa, mzima kabisa. Saa sita kasorobo mnada ukafunguliwa.

Sasa Nasieku kashika kamba ya mtamba. Tumpe anasema bila yeye wangekuwa bado wanahesabu. Mbonea anasema mbio zile ziliwahisha uongo tu. "Na bila mimi," Mugisha anasema, "huyo mtamba mnayemgombea angetengwa na wale kumi na mmoja."

Moyo wa Nasieku uko kwa Mugisha, lakini mama huyo anaogopa kuhukumu kwa moyo. Kiapo hakirudi, na mtamba hagawanyiki akiwa hai. Haya, toeni visu vyenu: kamba hiyo mngemkabidhi nani?