Chunjua ya Mama Lesi

Wahenga waliposema bandu bandu huisha gogo, walitufunza kwamba jambo zito humalizwa kidogo kidogo, na mwenye papara huishia kujiumiza. Mama Lesi, fundi cherehani aliyesifika mtaani kwa magauni ya harusi, aliijua methali hiyo vizuri. Mguu wake ndio ulikuwa haujaisikia.

Alishona peku, kwani alidai kiatu humzuia kuhisi kanyagio. Basi akaota kitu kigumu kama punje chini ya unyayo. "Sugu tu hii," akajisemea. Lakini kila akikanyaga, maumivu yalimpanda hadi gotini, na binti yake wa pekee alikuwa amekwisha kuposwa! Mama alikuwa ameapa kwamba gauni la mwanawe halitashonwa na mkono mwingine. Akashika mkasi wa kukatia nyuzi, akajichokonoa. Damu ikamtoka, na baada ya muda punje zikaongezeka.

"Mama, hii si sugu, ni chunjua," muuguzi wa zahanati alimwambia. "Huletwa na virusi, na ukiikatakata unaisambaza. Kila jioni loweka mguu kwenye maji ya uvuguvugu, sugua taratibu kwa jiwe la kusugulia miguu ambalo hutumii na mtu mwingine, paka dawa hii, kisha funika kwa plasta. Na peku basi!"

"Kesho itakuwa imetoka?"

"Itachukua wiki nyingi. Vumilia."

Alirudi kazini amenuna. Wifi yake, waliyeshona naye chumba kimoja, alicheka hadi akaegemea ukuta.

"Wifi, ua moja unalidarizi siku nzima, halafu chunjua unataka ing'oke kwa mkupuo?"

Mama Lesi akashindwa kujizuia, naye akacheka. Jioni hiyo akaloweka mguu kwenye beseni, akasugua, akapaka. Kesho yake vivyo hivyo. Siku nyingine alikata tamaa, akautupia mkasi jicho la tamaa, wifi akauficha. Ngozi ngumu ikazidi kupukutika, maumivu yakapungua, na gauni nalo likapata mikono, kisha mkia mrefu wa lesi.

Siku ya harusi, bibi harusi aling'ara, na mama yake akacheza bila kuchechemea hata kidogo.

"Mama, taratibu!" binti alimsihi, machozi ya furaha yakimlenga.

"Taratibu nimeimaliza yote kwenye beseni, mwanangu. Niache nicheze!"

Wifi akapiga vigelegele. Hakika, bandu bandu huisha gogo.