Mwayo wa Malkia

Hapo zamani, si zamani sana, maana redio zilikuwepo, nchi moja ilitawaliwa na mtu aliyeitwa Mtukufu. Katika nchi hiyo aliishi mwigizaji wa jukwaani, Kalunde. Akilia, watu walitoa leso. Akicheka, walicheka hata askari wa mlangoni.

Siku moja Mtukufu akaja kutazama mchezo. Kalunde aliigiza malkia aliyechoshwa na hotuba za mumewe. Mfalme akahutubu, akahutubu, akahutubu. Malkia akapiga mwayo. Ulikuwa mwayo wa ufundi: wa polepole, mpana, wenye machozi pembeni mwa macho. Waziri aliyeketi mbele akaambukizwa. Mkuu wa majeshi akaambukizwa. Kisha, ukumbi mzima ukitazama, Mtukufu mwenyewe akaachama mpaka magego yakaonekana.

Kalunde akakamatwa kabla pazia halijashuka. Shitaka: kumwambukiza Mtukufu mwayo.

Mahakamani aliitwa Sijaona, mwigizaji mwenzake aliyecheza mjakazi.

“Mwayo ule ulimtoka tu, au aliukusudia?” hakimu akauliza.

Sijaona akajibu kwa hofu, “Alikuwa akiufanyia mazoezi, mheshimiwa.”

Hapo hapo Kalunde akahukumiwa miaka kumi. Ngosha, aliyecheza mfalme, akasimama.

“Mheshimiwa, mwayo ni wangu! Hotuba yangu ndiyo iliyomchosha.”

Hakimu akakuna kichwa. “Mwayo ni mmoja, hauwezi kufungwa mara mbili. Kifungo kigawanywe. Kila mtu mitano.”

Ngosha akapelekwa gereza la mbali, na huko akang'olewa meno ya mbele ili asihutubu tena.

Kalunde alitiwa katika chumba chenye unyevu, akakatazwa kutamka neno lolote la mchezo. Koplo Mashimba, mwenye masharubu mazito, akawekwa mlangoni amchunge.

“Midomo inacheza. Unasema nini?”

“Maneno ya Malkia, afande. Nikiyaacha yatanipotea.”

Koplo akafikiri. “Amri inakukataza wewe. Mimi haijanikataza.”

Basi akawa anayasema yeye, bunduki begani, Kalunde akimfundisha kwa kunong'ona. Kalunde aliposhikwa na homa, akageukia ukuta akiomba afe. Koplo akaanza kumwigiza Malkia peke yake, na aliigiza vibaya mno hata mgonjwa akainuka kumsahihisha.

Huku nyuma, Sijaona alipewa nafasi ya Malkia, kwa sharti mwayo uondolewe. Alikubali, lakini hakulala kwa aibu. Kila alipofika mahali pa mwayo, alifunga mdomo akasimama kimya. Watu walipajua mahali pale. Wakaupiga wao, ukumbi mzima.

Wakubwa wakamwita. “Mbona unanyamaza?”

“Nimekatazwa kupiga mwayo, wazee wangu. Sipigi.”

Wakampiga viboko, wakamrudisha jukwaani. Akanyamaza vilevile. Mwayo ukatoka ukumbini ukaingia sokoni, ukaingia kambini. Siku ya gwaride Mtukufu akaanza kuhutubu, na uwanja wote, askari kwa raia, ukapiga mwayo. Mtukufu akakunja hotuba, akapanda ndege, hakurudi.

Magereza yakafunguliwa. Mchezo ukaandaliwa upya, lakini unyevu ulikuwa umemla Kalunde sauti. Hata kunong'ona hakuweza. Wenzake wakamwambia, “Nafasi ya Malkia ni yako, dada. Tuonyeshe kwa kidole nani aichukue.”

Ngosha akaja, mdomo umebonyea. “Nimefungwa nusu ya kifungo chako. Mimi ni mwanamume, najua, lakini mwayo ule nimeulipia kwa meno yangu.”

Koplo akavua kofia. “Dada, maneno yako yalihamia kinywani mwangu. Bila mimi ungekufa.”

“Si wewe uliyekuwa ukifunga mlango?” watu wakafoka.

“Kila jioni,” Koplo akajibu, macho chini.

Sijaona akapiga magoti. “Mimi ndiye niliyekuponza, sikatai. Lakini mimi ndiye niliyeutunza mwayo wako hadi mlango ukafunguka.”

Kalunde akawatazama mmoja mmoja, machozi yakimtiririka. Akainua mkono, akaushusha. Akauinua tena. Nje ya pazia watu wameshajaa, wanapiga makofi mchezo uanze.

Haya, ninyi mlioketi hapa, msaidieni huyu mama asiye na sauti: vazi la Malkia avikwe nani?