Raya na Jini Aliyehamishwa Nyumba

Alikuwako sultani kijana, Ghalibu bin Nadhiri, mwenye kutawala mji wa Marjani, na bustanini mwa kasri lake ulisimama mti usio na mwenziwe duniani, alioupanda marehemu mama yake kwa mbegu ya visiwa vya majini, na maua yake yalipofunguka asubuhi yaliimba kwa sauti nyororo. Basi mti ule ukaanza kunyauka, na sultani akanadi kwamba atakayeuponya ataomba atakalo, na atakayeuua atauawa.

Habari zikamfikia Raya, binti wa mfinyanzi, ambaye ua wa nyumba yake ulijaa vyungu vya miti migeni aliyoiotesha kwa vijiti alivyoomba kwa wasafiri, na moyo ukamruka kwa shauku, akajitanda ushungi akaenda mbio kasrini, akaingizwa bustanini.

Akafukua shinani, akakuta mizizi imeoza. "Shina haliponi," akasema, "lakini tawi li hai!" Akalichubua gome kwa kisu, na mara moshi ukafuka, na jini mrefu kama mnara akatokea akinguruma, "Ewe binti Adamu, wathubutu kunichuna ngozi?"

Raya akajibu, "Bwana wangu, sikuchuni, nakuhamisha nyumba, maana hii inakuangukia. Nitafunga makumbi ya nazi yaliyolowa hapa nilipochubua, na tawi litatoa mizizi yake lingali mtini."

"Na lisipotoa?"

"Sultani ataniua, wala wewe hutajichosha."

Jini akacheka hata kuta zikatikisika. "Funga!"

Raya akawa akiyanyunyizia maji makumbi kila kukicha, na majani yakizidi kupukutika, na watumishi wakimtazama kama maiti anayetembea. Hata asubuhi moja mti ukalia kwa kishindo na kuinama, na sultani akaja na walinzi, macho yamemwiva.

"Umeuua mti wa mama yangu!"

"Maulana, nisubiri kidogo tu!" Akafungua makumbi, na ndani, loo! mizizi myeupe imejisokota kama nyuzi za hariri! Akalikata tawi na kulipanda chunguni, na jini akajitosa humo kwa furaha, na papo hapo ua likafunguka na kuimba.

Sultani akalia mbele za watu. "Omba utakalo."

"Naomba kila nyumba ya Marjani ipate tawi lake."

"Mama aliuzungushia ukuta usiibiwe," akasema sultani kwa unyonge.

"Na kwa kuwa ulikuwa peke yake, maulana, nusura upotee."

Akakubali, na akawa akienda mwenyewe uani kwa Raya kujifunza kuchubua, na akaharibu matawi chungu nzima, na Raya akamcheka waziwazi, na kabla mti wa pili haujashika mizizi sultani alikuwa amekwisha kumposa. Jini akatoa lulu na yakuti siku ya arusi, na mji mzima ukala na kucheza.

Haya ndiyo yaliyompata Raya, naye aliye na kitu kizuri akipenda kidumu na awagawie wenzake.