Punje Ambayo Mrutu Hakuihesabu

Usipouliza kipimo, kidonda kitakuuliza. Mmeisikia leo kwa mjomba wenu, mkataka kujua ilikotoka. Basi methali hii ilianza hivi, wajukuu zangu, mkononi mwa babu yenu Mrutu.

Yeye na mwenzake Mwaluko walipiga picha maungio ya mabomba ya mafuta, kuona kama yamechomelewa vizuri. Picha hizo hupigwa kwa punje ya chuma yenye mionzi, inayokaa ndani ya kasha zito. Ukizungusha mpini, waya huisukuma punje kupitia mpira mrefu kama wa maji mpaka kwenye bomba, kisha unairudisha. Sharti ni kuusogelea mpira na kipimo cha mionzi kila mara, kuhakikisha punje imerudi. Lakini mafundi wa zamani walijivunia kuhesabu mizunguko ya mpini tu. Mwaluko, asiyeacha kipimo, walimtania kwamba anapima mabomba homa.

Siku hiyo Mrutu alihesabu, mizunguko ikatimia. Akafungua mpira, akaukunja mkononi, akaelekea kwenye ungio lingine. Mwaluko akamfuata na kipimo, kikalia.

"Mrutu, weka chini hapo hapo. Njoo huku."

"Mizunguko imetimia, bwana."

"Umehesabu waya. Punje hukuihesabu."

Ilikuwa imechomoka kwenye waya, imebaki ndani ya mpira. Wakazungushia eneo kamba, wataalamu wakaja kuirudisha kashani.

Baada ya wiki mbili vidole vya Mrutu vilitoka malengelenge. Viwili vikakatwa. Mama yenu Nakijwa alikuwa mtoto wa mwezi mmoja, na Mrutu akakataa kumgusa, akiogopa kumwambukiza mionzi. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Nilisali, kisha nikamwuliza daktari. Akasema mionzi ilimpita, haikukaa mwilini. Nikampelekea mtoto kitandani.

"Daktari amesema huna la kumdhuru. Mpokee, baba Nakijwa, mikono yangu imechoka."

Akampakata juu ya bandeji, machozi yakimdondokea mtoto kichwani. Sikuyafuta.

Wakubwa wa kazi walitaka aseme mashine iliharibika, yaishe. Akakataa. Alisimama mbele ya mafundi wote, akaufunua ule mkono.

"Punje ilichomoka kwenye waya, ni kweli. Lakini kipimo kilikuwa hatua ishirini kutoka nilipokuwa, nikaona uvivu. Ndugu zangu, usipouliza kipimo, kidonda kitakuuliza."