Maji Yaliyokataa Kushika Dawa

Wapendwa, wekeni Biblia mapajani kidogo. Nataka twende hotelini.

Kulikuwa na hoteli moja Dodoma, mbali kabisa na bahari. Pale mapokezi, nyuma ya kioo kirefu kinachotazama barabarani, palikuwa na tangi kubwa la samaki wa baharini, wa njano na wa bluu, na matumbawe hai yanayofunguka kama maua. Maji yake yalitengenezwa palepale kwa chumvi maalumu, na ilibidi yapimwe kila wiki, maana matumbawe hula madini yaliyomo majini. Madini yakiisha, matumbawe yanakufa.

Tangi hilo lilijengwa na fundi mmoja mtu mzima, mtu wa vipimo. Anachota maji kwenye kichupa, anatia tone la dawa, anatikisa, anatazama rangi, anaandika. Alikuwa na msaidizi, dada wa mapokezi aliyeshika kazi haraka. Siku moja dada akamwambia bosi, fundi mwenyewe akisikia: "Huyu mzee anatupotezea muda. Vipimo vyake vingine ni mbwembwe tu. Niachie mimi."

Bosi akamwachia. Fundi akabeba vichupa vyake, akaondoka bila kuaga.

Miezi miwili mambo yakaenda vizuri. Mwezi wa tatu matumbawe yakaanza kujikunja, rangi zikapauka. Dada akapima kalsiamu, ile inayojenga mifupa ya matumbawe, akaikuta iko chini. Akaongeza. Kesho yake akapima, imeshuka. Akaongeza mara mbili. Maji yakawa kama maziwa, weupe ukaganda kwenye kioo na kwenye pampu, na kipimo kikasoma chini kuliko jana! Hamjawahi kuliona jambo hilo nyumbani kwenu? Unatia, unatia, na hakishiki kitu?

Bosi akaja, mikono kiunoni. "Dada, nakupa mpaka mwisho wa mwezi. Haya mambo yasipokaa sawa, natoa kila kitu, naweka televisheni."

Yule dada aliwapenda wale samaki. Alijua kila mmoja anapenda kujificha wapi. Akaingia chooni akalia, akanawa uso, akarudi kuwatabasamia wageni. Siku ya tatu akapanda bodaboda mpaka kwa fundi, ambaye sasa alikuwa na kibanda chake cha kuuza samaki wa mapambo.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba." Wala hakumkaribisha kiti.

"Fundi, nilikukosea. Nilikusema vibaya kwa bosi, na nilijua nasema uongo. Nilitaka nafasi yako. Nisamehe. Hata usiponisaidia, naomba unisamehe."

Fundi akafuta mikono kwa kitambaa, akaifuta tena ingawa ilishakauka. Kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Magnesiamu umepima?"

"Sijapima. Hicho ndicho nilichokiita mbwembwe."

"Basi hiyo ndiyo inayoifanya kalsiamu itulie majini. Ikipungua, kila unachotia kinageuka chokaa na kuganda. Hata ungemwaga ndoo nzima, mwanangu."

Akafunga kibanda, wakaondoka pamoja. Wakapima magnesiamu, wakaikuta chini sana. Bosi akataka dozi yote imwagwe siku hiyohiyo. Fundi akamwambia, "Tukifanya hivyo, bosi, tunawazika leo." Wakatia kidogo kila asubuhi, wakapima, wakasubiri. Siku ya tano maji yakatakata. Wiki ya pili wakarudi kwenye kalsiamu. Ikapanda, na kesho yake, wapendwa, wakaikuta palepale! Imeshika!

Kabla mwezi haujaisha, asubuhi moja, tumbawe la kwanza likafunguka. Likafuata la pili. Mpaka saa nne tangi zima lilikuwa limechanua, zambarau na kijani, samaki wanapita katikati. Wapishi wakatoka jikoni na mikono yenye unga. Wageni wakaacha chai inapoa. Bosi akapiga makofi kama yuko uwanja wa mpira. "Mfanyakazi bora wa mwaka ni huyu dada!"

"Hapana, bosi," dada akasema. "Aliyeokoa ni fundi. Mpigieni yeye."

Watu wakashangilia. Sasa nisikilizeni vizuri. Fundi akainua mkono kuwanyamazisha, machozi yanamtoka.

"Msinipigie makofi. Kila Jumapili nikitoka ibadani napita barabara hii. Ule weupe kwenye kioo niliuona tangu siku ya kwanza. Nilijua ni nini, na dawa ilikuwa kibandani kwangu. Nikasema moyoni, acha wafe, wamjue huyu dada ni nani. Dada, ulikuja kuniomba msamaha, na mimi ndiye niliyehitaji kuuomba."

Dada akamshika mikono miwili mbele ya watu wote. "Yameisha, baba. Ona, wako hai."

Ndugu zangu, mnasikia? Alikuwa anatoka ibadani! Ameimba, ameomba, amesema amina, akapita akitazama viumbe vinakufa huku dawa iko kwake. Na sisi je? Tunafunga, tunatoa, tunakesha kwenye maombi, kisha tunashangaa mbona nyumba haitulii. Tumepima kila kitu isipokuwa yule mtu ambaye hatusalimiani. Mmoja wenu amekosa, na mwingine amekaa na dawa akisubiri wa kwanza aaibike. Nani aanze? Aanze yeyote! Dada alianza, na wote wawili wakapona.

Mahubiri yangu hayajaisha, lakini usinisubiri nimalize. Kama mtu wako yumo humu ndani, inuka umfuate sasa hivi. Naam, mama, pita, pita hapo katikati, mpisheni mama. Na yule mzee wa kule mbele naye ameshasimama! Bwana asifiwe! Kwaya, msiimbe kwanza. Acheni tuwatazame.