Mama Aliyemsikia Mwanawe Mlangoni

Kabla sijafungua kinywa mmeshaanza kutazamana. Wewe Mama Tumsifu, rudisha midomo mahali pake. Mnasema bibi huyu anatunga. Ndiyo, natunga, mfano hutungwa! Lakini nikimaliza, atakayesema hajawahi kuona jambo hili mtaani kwake, asimame nimtazame usoni.

Kulikuwa na mwigizaji mmoja, maarufu kupita kiasi. Kwenye televisheni alikuwa mtoto aliyepotea, akarudi kwa mama yake mgonjwa. Kila Jumamosi alasiri mchezo ulifunguliwa kwa kipande kilekile: anapiga magoti mlangoni, analia, "Mama, nimerudi!" Na mtaa mzima unalia naye mpaka kamasi.

Mama yake wa kweli, aliyemzaa, alikuwa hoi kitandani mtaani humohumo. Zamu ya jumuiya ya kusali ilipofika nyumbani kwake, wanajumuiya wakasema, "Kwake hakuna televisheni, na saa ya sala ndiyo saa ya mchezo. Tusalie kwa jirani." Wakahamia nyumba ya ukuta wa pili, wakabaki hukohuko wiki baada ya wiki. Na waliona wanamheshimu! Si wanamtazama mwanawe? Hakuna aliyempelekea hata kikombe cha uji.

Jumamosi moja, saa ileile, mwana akaja kweli. Gari likasimama, watu wakamwagika nje, simu juu.

"Kaka, tuambie, ustaa una raha gani?"

Akaegemea gari. "Kazi yangu naipenda. Umaarufu umenichosha, hata vocha siwezi kununua bila kuzingirwa. Raha yangu ni safari. Nikishuka nchi ambayo hakuna anayenijua, nalala kama mtoto."

"Na mama je?"

"Ndiye niliyemjia. Nina nusu saa tu, ndege inanisubiri."

"Basi kwanza tulilie kidogo, kama kwenye mchezo!"

Naye, mpumbavu, akakubali. Akapiga magoti kwenye mlango wa mama yake mzazi, akalia kwa sauti, "Mama, nimerudi!" Makofi yakarindima.

Ndani ikatoka sauti ya kikongwe: "Jamani, punguzeni hiyo televisheni! Kila Jumamosi anarudi, na hajawahi kufika."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Yeye hakucheka. Akainuka, akaomba njia apite. Nani ampe? Huyu anataka picha, yule anataka picha na mtoto, mwingine picha yake imetoka na ukungu, irudiwe. Dereva akapiga honi. Mwana akapanda gari, akaondoka bila kuingia. Shuka la mama yake lilikuwa bichi tangu asubuhi.

Naona mnasonya. Msonyeni, anastahili! Mtu mzima mzima anaomba njia kwenye mlango wa mama yake badala ya kusukuma. Lakini yeye ni mmoja. Waliouziba mlango ni wangapi? Ni sisi! Sisi tunaomlilia mgonjwa wa televisheni aliyepakwa poda, ambaye taa zikizimwa anainuka kwenda kula chipsi, halafu kwa mgonjwa wa kweli tunapita tumeziba pua. Mungu atatuuliza nini siku ile? Atatuuliza kama tulilia vizuri? Au atauliza nani alifua lile shuka?

Bibi Nambua, hapo nyuma ya ukumbi huu, ana siku tatu hajageuzwa ubavu. Mnajua. Wote mmepita dirishani kwake mkija hapa kuniimbia mapambio. Sasa mnasubiri nifunge kwa sala? Salini wenyewe, midomo mnayo. Mimi nakwenda kumgeuza. Na mlango huu naubamiza nyuma yangu, msije mkasema hamkusikia.